Jiwe Lenye Majina Pande Mbili

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu Buyenzi na simu mkononi, hata salamu hamjamaliza mnauliza, "Mzee Athumani, babu yetu alizikwa wapi?", kaeni chini kwanza. Kunyweni chai. Kaburi halina miguu, litawangoja. Nimejenga makaburi ya mji huu tangu sina ndevu mpaka magoti yalipogoma, na nimeona hivi: anayemtafuta babu yake kwa pupa hupata babu wa mwenzake. Anamlilia, anamwekea maua, anapiga picha, na maskini yule marehemu wa watu pengine anajiuliza huyu mtoto katoka wapi.

Kazi nilifundishwa na Fundi Ramazani, Mungu amrehemu, mtu mfupi, mkali, asiyependa kuulizwa kitu mara mbili. Tulikuwa tunamwaga mabamba ya simenti ndani ya fremu ya mbao, halafu simenti ikiwa bado laini tunaandika kwa ncha ya mwiko. Siyo kama siku hizi, mnapeleka jina kwenye kompyuta, mashine inachonga, na jiwe linatoka linang'aa kama sahani ya harusi. Kwetu muda ulikuwa mchache. Simenti ikianza kukaza, jina lisiloisha linabaki halijaisha.

Siku moja ilikuja familia kumwandikisha mzee wao, wakaanza kubishana alizaliwa lini. Huyu anasema kabla ya njaa kubwa, yule anasema baada yake, mjane anasema wote waongo. Simenti inakauka. Ramazani akawatazama, akashika mwiko, akaandika: ALIZALIWA ZAMANI. Wakacheka, msiba ukapungua uzito, na bamba lile lipo mpaka leo. Juzi juzi mjukuu wa mzee huyo alikuja kuniuliza Zamani iko mkoa gani.

Na kulikuwa na mama mmoja ambaye nilimwandikia mumewe MPENDWA WETU bila kuuliza, kwa sababu kila mtu alikuwa akiandikiwa hivyo. Alipokuja kuona akaweka mikono kiunoni.

"Nani alikuambia alipendwa? Futa!"

Nikafuta. Akafikiri, akapunguza hasira kidogo. "Andika jina tu. Ingine watoto wake watajaza wenyewe." Ndiyo maana nasema, mnaposoma jiwe, jiulizeni nani alisimama pale siku linaandikwa. Maiti hakuwepo kusahihisha.

Sasa sikieni mambo ya kazi, maana najua ndiyo mliyofuata. Watoto wetu waliozaliwa Ulaya wanakuja wakitafuta kwa jina la ukoo. Jina la ukoo gani? Kwetu Burundi kila mtoto hupewa lake. Watu wa tumbo moja, kila mmoja anaitwa kivyake, na hakuna hata mmoja anayeitwa kama baba. Ukipita makaburini ukitafuta jina la babako, utazunguka mpaka viatu viishe. Tafuta kazi yake. Tafuta mtaa, kanisa au msikiti, tafuta nani alimsimamia kwenye ubatizo, maana watu wale wale husimamiana. Na mjue kwamba mtu wa zamani hapa mjini aliweza kuwa na jina la nyumbani, jina la padri, jina la kazini na jina la msikitini, na yote yakawa yake.

Herufi zikififia, usije na brashi ya chuma! Nitakukimbiza kwa fimbo. Mwagia maji, kisha kaa utulie. Uso wa bamba hukauka mapema, lakini ndani ya michoro maji hukawia, na kwa muda mfupi jina linajitokeza jeusi, unalisoma bila shida. Likikataa, chukua unga wa muhogo, pangusa taratibu kwa kiganja, unga utaingia kwenye michoro. Mvua itausafisha na mchwa watashukuru. Na kaburi likikaa upande tofauti na majirani zake, usiseme mchimbaji alilewa. Uliza kwanza marehemu alikuwa dini gani.

Haya. Niwaambie la Kaneza, ndilo lililoniinua kwenye mkeka nikiwa nimeshastaafu.

Alikuja mchana na mchumba wake, Hasani. Hasani namjua, fundi wa magari wa hapa hapa Buyenzi, mtoto wa jirani yangu Saidi Kreni anayeuza vipuri. Kaneza ni binti wa mtaa wa Musaga, anafanya kazi kwenye duka la dawa mjini, Mkristo wa ukoo wa Wakristo. Dini ilikuwa imeshazungumzwa pande zote mbili na ikaisha kwa amani. Siku ya kuposa ilikuwa imepangwa. Lakini binti macho yalikuwa yamemvimba, na Hasani alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Baba Athumani," Kaneza akasema, "wanasema tuko ndugu."

Akanipa simu. Kumbe bibi yake, mzaa baba, anaitwa Bibi Venansiya, alitaka kaburi la baba yake lisafishwe kabla ya posa, ili mzee naye asikie kuna arusi. Mvua za mwaka huu zilikuwa zimelichimbua upande mmoja. Baba mdogo wa Kaneza, Deo, akaenda na vibarua kuliinua bamba waliweke sawa. Upande wa juu kila mtu anaujua: PETERO KABURA, na msalaba. Walipolipindua, chini kukawa na maandishi mengine. SELEMANI BIN ABDALLAH, KRENI. Mwaka wa kufa ni ule ule.

Deo akapiga picha, akaitupa kwenye grupu la familia. Kaneza akamwonyesha Hasani kama kitu cha kushangaza tu. Hasani akalisoma jina mara mbili. Babu yake mzaa baba aliitwa Selemani, alikuwa akiendesha kreni ya bandari, na ndiyo maana mpaka leo baba yake anaitwa Saidi Kreni ingawa kreni hajawahi kuipanda. Petero Kabura naye alifanya kazi wapi? Bandarini, kwenye kreni.

"Baba mudogo anasema ni mutu moja," Kaneza akasema. "Anasema kama sogokuru wa Hasani ni baba ya nyogokuru wangu, basi tuko damu moja, na kirazira. Hakuna arusi. Ameshatuma ujumbe kwa wakubwa wote."

Wale wasiojua: sogokuru ni babu, nyogokuru ni bibi, na kwa Warundi kirazira ni mwiko usio na mjadala. Watu wa damu moja hawaoani, hata kama undugu ni wa mbali, hata kama wanapendana mpaka wanaugua. Na mimi, jamani, nilicheka. Nilicheka kwa furaha, kwa sababu nilidhani jibu ninalo.

"Mwanangu, nenda kafue gauni," nikamwambia. "Hilo ni bamba lililoharibika."

Nikawaeleza. Zamani simenti ilikuwa adimu, ilikuja kwa meli kutoka Kigoma na wakati mwingine haikuja. Fundi akikosea jina, au familia ikibadili mawazo, bamba halitupwi. Unalipindua, unapaka simenti laini upande wa pili, unamwandikia mtu mwingine. Nusu ya makaburi ya zamani yana jina la mtu mwingine tumboni. Kwa hiyo Selemani wao na Petero wao walikufa mwaka mmoja, bamba la Selemani likaharibika, Petero akapata mgongo wake. Basi.

Kaneza alinirukia shingoni mbele ya mchumba wake. Hasani akakaa chini kama mtu aliyekatwa kamba. Ningeishia hapo nikaitwa fundi mkubwa. Lakini mimi nina ugonjwa, siwezi kusikia kuna jiwe la Ramazani nisiende kuligusa. Nikawaambia nipelekeni nilione.

Kesho yake asubuhi tulikwenda, mimi, Kaneza na Deo. Deo ni mwalimu wa sekondari, mtu wa heshima, hakuwa na nia mbaya na yeyote, alikuwa amebeba tu mzigo wa kaka yake aliyefariki akamwachia binti. Bamba lilikuwa limeegemezwa kwenye kaburi la jirani. Nikamwaga maji, nikangoja. Herufi zikatokea. Ilikuwa kazi ya Ramazani kabisa, ile R yake yenye mguu mrefu uliochomoza. Nikazunguka upande wa Selemani, nikamwaga maji tena.

Nikapitisha kidole kwenye herufi moja moja, mpaka Deo akaniuliza natafuta nini.

Ramazani alikuwa na sheria moja ambayo aliniwekea kwa kofi. Bamba lililoharibika, kabla ya kulipindua, jina la zamani lazima ulikate kwa mwiko, mistari miwili, kona kwa kona. Alikuwa akisema, "Malaika wakimuuliza maiti jina lake, akatazama juu akaona la mwenzake, atajibu nini?" Sikuwahi kumwona akisahau. Hata siku ya homa alikata.

Na jina la Selemani halikuwa limekatwa.

Kuna la pili. Kuzunguka maandishi kulikuwa na alama ya kamba. Ramazani alikuwa akikandamiza kamba ya katani pembeni mwa bamba, inaacha urembo, lakini alifanya hivyo mwisho kabisa, baada ya mwenye maiti kusimama, kusoma na kusema ndiyo, ni hivyo hivyo. Bila mwenye maiti, hapana kamba. Juu kwa Petero kulikuwa na kamba. Chini kwa Selemani pia kulikuwa na kamba. Maana yake watu wawili walikuja kwa wakati wao, kila mmoja akasoma upande wake, akakubali.

Ningeweza kunyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikunyamaza, na jibu ni kwamba mdomo ulifunguka kabla ya akili. Nilikuwa na hamu ya kujua, si uongo. "Hili si bamba lililoharibika," nikasema. "Hii ni kazi iliyoisha, pande zote mbili."

Kaneza alinitazama, sitaki kukumbuka alivyonitazama. "Si ulisema, Baba Athumani? Si jana ulisema?"

"Jana sikuwa nimeona."

"Ungebaki nyumbani!" akasema, akalia. Deo akamshika bega, na yeye mwenyewe hakuonekana kufurahi kwamba ameshinda.

Sasa nilikuwa na deni la kumfikisha huyu binti kwenye ukweli wote, kwa sababu nusu ndiyo nimeshampa. Jioni nikaenda kwa Saidi Kreni. Nilimkuta anafunga duka. Nikamweleza kuhusu kamba. Hakushangaa sana. Aliingia ndani akarudi na kadi ya kazi ya bandari ya baba yake, imefungwa kwenye nailoni, na kisa alichopewa na mama yake.

Mama yake alikuwa mwanamke wa Buyenzi. Selemani alisilimu, akamwoa kwa ndoa ya msikitini, na kama walivyofanyiwa wengi wasio na baba Mwislamu akaitwa bin Abdallah. Kwamba kuna nyumba nyingine Musaga, mama alijua. Kwamba kuna nyumba Buyenzi, Musaga hawakujua. Selemani alipokufa, Musaga ndio walioletewa mwili, wakazika, wakaandika. Mama Saidi alisimama nyuma na watu wa bandarini, kama mke wa mfanyakazi mwenzake, mtoto mgongoni, akalia kwa kiasi cha mtu wa mbali.

"Aliniambia alienda kwa fundi peke yake," Saidi akasema. "Akamuambia, juu ni kwa ajili ya watu, waachie. Mi nataka chini, upande wa kwake. Lakini mahali penyewe hakunionyesha. Tulihamia Uvira, nikarudi nikiwa mukubwa, mama alikuwa ameshakufa. Mi sijawahi kumusomea baba yangu Fatiha kaburini, Athumani. Sikujua pa kusimama."

Ramazani mjanja! Miaka yote tuliyokaa pamoja hakunitajia hata mara moja. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imeshazikwa.

Tukalinganisha na habari za Musaga. Bibi Venansiya alikuwa na picha ya baba yake siku ya komunyo ya kwanza ya bibi mwenyewe, koti, tai, rozari mkononi. Tukaiweka kando ya picha ya kwenye kadi ya bandari, kofia ya kiua, shati wazi. Nyusi ya kushoto imekatwa na kovu, hapa na hapa. Alikuwa mtu mmoja.

Hapo ndipo mambo yalipochafuka. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana kukutana kaburini, walirudishe bamba mahali pake na waimalize ile habari ya arusi, moja kwa moja. Ilikuwa Jumamosi, jua limewaka. Saidi alikuja na ndugu wawili wa mkewe. Deo alikuja na mama yake, Bibi Venansiya, mzee sana, mwembamba, amejifunga mvutano, lile shuka la heshima la kina mama wa Kirundi, la rangi ya udongo. Alikaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani na ufagio wake mdogo, maana kila alipokuja alifagia mwenyewe. Kaneza na Hasani walisimama mbali mbali, kama watu waliokatazwa hata kugusana vivuli.

Saidi ndiye aliyeanza, na alianza vibaya. "Kwetu mutoto wa ndugu anaolewa. Ni halali. Sheria inaruhusu. Mi sioni shida iko wapi."

"Kwenu!" Deo akaruka. "Kwetu apana! Mutu na damu yake? Kirazira, Mzee Saidi. Watoto watakaozaliwa, nani atabeba lawama? Mi nampenda uyu binti kuliko weye, lakini apana."

"Mungu ameruhusu, weye unakataza?"

"Mungu yupi sasa?"

Ebo! Nikaona tunaelekea kwenye vita vya dini juu ya mtu aliyekuwa na dini zote mbili. Mashemeji wa Saidi wakaanza kuongea wote kwa pamoja, Deo anajibu kwa Kirundi, Hasani anajaribu kumvuta baba yake mkono.

"Deo. Funga kinywa."

Haikuwa sauti kubwa. Bibi Venansiya alikuwa ameacha kufagia. Akasema kwa Kiswahili, ili wote tusikie, ingawa na mwanawe alizoea Kirundi.

"Mi si damu ya uyu mutu."

Deo akasema, "Mama?"

"Baba aliyenizaa alikwenda Uganda kutafuta kazi, mama akiwa na mimba. Hakurudi. Mama alishuka muji huu mi niko mgongoni. Kabura alitukuta bandarini tunauza ndizi. Akamwoa mama. Akanipeleka kwa padri akasema, uyu ni wangu, andika." Akatua kidogo apumue. "Mama aliniambia siku naolewa. Akasema, usiambie mutu, utamuaibisha baba yako. Sikuambia. Sikuambia mume wangu, sikuambia watoto wangu. Baba mwenyewe hakujua kama najua. Alikuwaka ananibeba mabegani kwenda kuona kreni. Ningemuambia nini?"

Hasani akauachia mkono wa baba yake.

"Kwa hiyo watoto hawa si damu moja," bibi akasema. "Waoane. Mi nimesema." Halafu uso ukamvunjika. Akalia kwa sauti, bila kujificha, kama mtoto aliyefiwa asubuhi ile. "Nimekuja hapa maisha yangu yote kwa baba yangu. Leo nimemutoa. Sina baba tena."

Kaneza akapiga magoti mbele yake, anasema, "Nyogokuru, apana, apana, mi naacha, siolewi, usiseme hivo." Na bibi anamsukuma kwa mkono, "Nyamaza. Nimeshasema."

Deo, kwa sababu ni mtu wa kutaka uhakika, akanigeukia. "Mzee Athumani, anaweza kuwa anasema hivi kwa ajili ya arusi tu?"

Vijana wangu, hili ndilo ninalotaka mlijue kuliko maji na unga wa muhogo. Miaka yote niliyokaa makaburini nimeona watu wakidanganya mbele ya maiti. Wanakuja na hadithi, wanakuja na mashahidi, wote wanataka waongezewe baba, au waongezewe sehemu ya baba. Sijamwona hata mmoja aliyedanganya ili apunguziwe. Nikamwambia Deo hivyo hivyo. Akainamisha kichwa, akaenda kukaa karibu na mama yake.

Saidi alikuwa bado amesimama. Yule mtu wa kelele alikuwa amekwisha. Akavua kofia, akaikunjakunja, akamsogelea bibi, akachuchumaa.

"Dada," akasema.

Bibi hakuinua uso.

"Dada, mi nilimupata baba kidogo tu. Nilikuwa mudogo, simukumbuki hata sauti. Weye alikubeba mabegani. Nani ana baba kati yetu?" Akapangusa macho na kofia. "Wazee walisema, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Uyu mzee alikulea. Nisimulie. Alikuwaka mutu wa namna gani?"

Bibi akamtazama sasa, akaitazama ile nyusi yake ya kushoto ingawa ya Saidi haina kovu. Akasema, "Alikuwaka anapiga mbinja akifika kona, ili tujue anakuja." Halafu wakakaa pale, kaburi katikati yao, na bibi akaanza kusimulia, Saidi anauliza, anauliza tena. Jua lilitupiga wote na hakuna aliyetaka kuondoka.

Swali la bamba likabaki kwangu. Ukililaza, lazima mmoja awe chini. Deo alitaka tutengeneze jipya. Bibi akasema hapana, hili lina mkono wa aliyelifanya. Kwa hiyo tulilisimamisha wima. Nilichimba msingi na vijana wangu wa zamani, tukaliweka kwa ubavu wake, Petero akitazama njia na Selemani akitazama upande wa pili, na kila mtu aje kwa upande anaoujua. Saidi alisimama upande wake akasoma Fatiha. Alikawia sana.

Chini, kwenye msingi, kulikuwa na nafasi ya simenti laini. Kwa desturi tunaandika watoto.

"Mi usiniandike," Bibi Venansiya akasema. "Nimeshasema mbele ya watu."

"Muandike," Saidi akasema. "Na muandike wa kwanza. Ndiye mukubwa."

Bibi akabisha. Saidi akabisha zaidi. Simenti ilikuwa inaanza kukaza, na mimi nilikuwa na mwiko mkononi, nikawaambia amueni au niandike ALIZALIWA ZAMANI. Bibi akacheka, mara ya kwanza siku ile, akaangalia kando, akapungia mkono kama mtu anayesema fanyeni mnavyotaka. Nikaandika.

Arusi ilifanyika. Kulikuwa na manung'uniko ya shangazi wawili watatu, hayakosekani. Nilikaribishwa nikala pilau mpaka nikalegeza mkanda, na Kaneza alinisamehe, ingawa alinisamehe kwa masharti, nisikaribie tena kaburi lolote la ukoo wake bila kumwambia.

Sasa wale mtakaopita makaburi ya zamani baada yangu, na simu zenu na miti ya ukoo mnayochora, mtakuta jiwe limesimama wima, na chini yake limeandikwa BABA WA VENANSIYA NA SAIDI. Mtachunguza, mtagundua kwamba mjukuu wa Venansiya aliolewa na mtoto wa Saidi, na mtaanza kupiga kelele kwenye grupu, kirazira, kirazira. Msipige. Bibi alisema kweli na jiwe limesema kweli. Niliandika mimi Athumani, wenye maiti wakiwa wamesimama wote wawili, na walipokubali nikaweka kamba.